Baraza na Maegesho: Historia ya Kanuni Iliyonakiliwa

Neno maegesho limetoka baharini. Kabla gari la kwanza halijateremshwa katika bandari yoyote ya mwambao wetu, watu walikuwa wakiegesha mashua na majahazi: walikisogeza chombo taratibu mpaka kikaegemea gati au kikaegemea chombo chenziwe, kisha kikafungwa kamba. Gari lilipokuja halikutungiwa neno jipya, lilirithi neno la chombo. Lakini halikurithi ada zake. Nahodha aliyetia nanga bandarini alijua kwamba mahali pale pana mwenyewe na pana malipo, na ushuru wa bandari ni jambo kongwe kuliko daftari lolote la manispaa. Mwenye gari, kwa upande wake, amezoea kudai mahali pa kuegesha kama mtu adaivyo hewa ya kuvuta. Jinsi dai hilo lilivyogeuka kuwa sheria, tena sheria yenye tarakimu, ndiyo historia ninayotaka kuieleza katika makala haya. Wapenzi wa tenzi wataniwia radhi kwa kuwapitisha juu ya lami; njiani tutakutana na habari za nakala na wanakili, ambazo kwao si ngeni.

Kanuni za njia si jambo la juzi. Hadithi mashuhuri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inaelekeza kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, basi na iwe ya dhiraa saba. Dhiraa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na saba zake ni mita tatu na kitu, yaani nafasi ya kutosha wanyama waliopakia mizigo wapishane. Mafakihi waliandika pia juu ya finaa, ule ukanda mwembamba wa njia unaopakana na ukuta wa nyumba. Ukanda huo si mali ya mwenye nyumba, wala si wa wapita njia peke yao. Mwenye nyumba ana haki ya kuutumia, amfunge mnyama wake kwa muda, apakie na apakue mizigo, ili mradi asiwadhuru wapitao. Hebu itazame kanuni hii, msomaji. Ni kanuni ya maegesho iliyotimia, nayo haina tarakimu hata moja. Ina sharti moja tu, na sharti hilo ni adabu.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Lamu na katika Mombasa ya Kale, ukanda ule uliota jiwe na chokaa ukawa baraza. Lamu wana daka pia, kile kipenu chenye viti vya mawe pembeni mwa mlango. Sisemi kwamba mafundi waliojenga baraza za Shangani au madaka ya Mkomani walikuwa na kitabu cha fikihi mkononi. Nasema tu kwamba ujenzi wao unaeleweka vizuri zaidi ukijua kwamba palikuwa na fikra ya zamani kuhusu mpaka wa nyumba na njia: mpaka huo haukuwa mstari, ulikuwa ni mahali. Mtu aliyekaa barazani hakuwa ndani wala nje. Mgeni asiyefaa kuingizwa ndani alipokelewa hapo, kahawa ilinywewa hapo, na beti ngapi zilijibiwa hapo, hakuna aliyezihesabu.

Sasa tuingie mwaka 1923, mwaka ambao una mambo mawili yasiyojuana.

La kwanza lilitokea kwetu. Mwaka huo kilichapishwa huko Uingereza kitabu kuhusu mipango ya mji wa Zanzibar, kazi ya msanifu majengo Henry Vaughan Lanchester, aliyekuwa ameombwa na serikali ya himaya auchunguze mji na kuupendekezea sura. Lanchester alikuwa mtu wa sifa kubwa. Jumba la baraza la mji wa Cardiff ni sehemu ya kazi zake, na alikuwa mmoja wa walioshauri juu ya mji mpya wa Delhi. Lakini jambo lililonifurahisha nilipolijua ni la nasaba. Ndugu yake baba mmoja mama mmoja ni Frederick Lanchester, mhandisi aliyeunda mojawapo ya magari ya mwanzo kabisa ya petroli nchini Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, na jina la familia likawa jina la gari. Kwa hiyo mji wetu wa vichochoro, ambao gari haliwezi kuupenya, ulipimwa na kuchorwa na ndugu wa muunda magari. Mshairi angebuni jambo hilo angeambiwa amezidisha.

La pili lilitokea Marekani, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Mwaka huo huo wa 1923 mji ule uliandika kanuni kwamba mwenye kujenga nyumba ya ghorofa za kupangisha ni lazima atenge, ndani ya kiwanja chake, nafasi za kuegesha magari ya wapangaji. Inatajwa kuwa kanuni ya kwanza ya namna hiyo. Haikupigiwa ngoma. Ilikuwa sehemu ndogo ya sheria za kugawa mji kwa kanda, yaani sheria zinazosema hapa pajengwe makazi, pale viwanda, na pale maduka.

Sheria hizo za kanda zilikuwa changa wakati ule. New York ilipitisha za kwake mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, ambacho pia kiko Ohio, ikaamua kwamba ni halali. Kabla ya hapo, mwaka 1917, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kukataza sheria za kugawa mitaa kwa rangi za watu waziwazi. Sisi tuliotawaliwa hatukupata mahakama ya kutukatazia. Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi na Wajerumani, wakafuatia Waingereza, na Kiswahili kikabaki na makovu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ndiyo kusema elimu ya kanda tulikuwa nayo kabla hatujajua jina lake.

Nirudi kwenye magari. Kufikia miaka ya 1930 mitaa ya miji ya Marekani ilikuwa imefurika, na njia mbili za kutatua tatizo zikajitokeza. Ya kwanza ni ile ya bandari: anayesimama alipe. Tarehe 16 Julai 1935, katika Oklahoma City, ilisimikwa mita ya kwanza ya maegesho, senti 5 kwa saa. Aliyeibuni fikra hiyo, Carl Magee, alikuwa mhariri wa gazeti, si mhandisi, jambo ambalo sisi watu wa kalamu tuna haki ya kujivunia kidogo. Njia ya pili ni ile ya Columbus: asilipe anayesimama, bali anayejenga alazimishwe kutenga mahali. Mwaka 1939 mji wa Fresno, California, uliitoa kanuni hiyo nje ya nyumba za kuishi ukaipeleka kwenye hoteli na hospitali. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilienea kama moto wa makuti, na haikupita miaka mingi ikawa ni vigumu kuupata mji wa Marekani usiokuwa na jedwali lake.

Kwa nini njia ya pili ilishinda? Kwa maoni yangu sababu haikuwa uhandisi, ilikuwa siasa. Mita humkasirisha dereva kila siku, naye ni mpiga kura. Kanuni ya ujenzi haimkasirishi mtu. Gharama yake huingia katika kodi ya nyumba, katika bei ya mkate dukani, katika nauli ya kinyozi, na hakuna anayeiona. Anayetembea kwa miguu huichangia sawa na mwenye magari mawili.

Hapa ndipo mambo ya wanakili yanapoingia. Kanuni ilitaka tarakimu: nafasi ngapi kwa duka, ngapi kwa sinema, ngapi kwa hospitali? Afisa wa mipango wa mji mdogo hakuwa na utafiti wa kumpa jibu. Akafanya nini? Akatazama jedwali la mji jirani akalinakili, na mji ule nao ulikuwa umenakili kwa mwingine. Waliowahi kushika miswada ya tenzi zetu kwa hati ya Kiarabu wanaujua ugonjwa huu. Mnakili mmoja anadondosha nukta, te inakuwa herufi nyingine, neno linageuka. Mnakili wa pili anaiamini nakala ya kwanza, wa tatu anaiamini ya pili, na baada ya karne anatokea mtaalamu anayeeleza kwa kina maana ya neno ambalo mtunzi hakulitamka kamwe.

Mwanauchumi Donald Shoup, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuisoma miswada hiyo isiyo na mashairi. Kitabu chake kikubwa, chenye kurasa mia saba na zaidi, kilitoka mwaka 2005, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Gharama Kubwa ya Maegesho ya Bure. Ndani yake alikusanya masharti ya miji mbalimbali ambayo mimi, kwa kazi yangu, siwezi kuyasoma bila kutabasamu. Nyumba ya watawa wa kike: nafasi 1 kwa kila watawa 10. Kituo cha mafuta: nafasi 1 na nusu kwa kila mpira wa kujazia. Bwawa la kuogelea: nafasi 1 kwa kila galoni 2,500 za maji. Jumba la kuzikia: nafasi 10 kwa idadi ya juu ya maziko katika saa 1. Nani aliyewahesabu watawa wale, na galoni zile zinaendesha gari gani? Ukiyapanga masharti hayo mstari juu ya mstari unapata kitu kinachofanana na shairi huru, na kwa kweli nimesoma mashairi huru yaliyo mabaya kuliko hilo.

Hata palipokuwa na utafiti, ulikuwa wa kushangaza. Taasisi ya wahandisi wa usafiri ya Marekani ilichapisha kitabu cha viwango, na katika toleo la 1987 mikahawa ya chakula cha haraka ilipewa wastani wa nafasi 9.95 kwa kila futi za mraba 1,000. Mikahawa iliyotazamwa ilikuwa 18. Mmoja wao ulikuwa na magari 3.55 kwa kipimo hicho, mwingine 15.92, na ukubwa wa mkahawa karibu haukuwa na uhusiano wowote na wingi wa magari. Lakini tarakimu yenye desimali mbili ina haiba yake, na msomaji huiheshimu kama anavyoheshimu msamiati wa kale asioufahamu.

Tupige hesabu wenyewe. Gari moja likisimama huhitaji kama mita 2 na nusu kwa 5 na nusu. Ongeza njia ya kulizungusha na kulitoa, na kila nafasi hula karibu mita za mraba 30. Futi za mraba 1,000 ni kama mita za mraba 93. Basi mkahawa wa mita 93 unaolazimishwa nafasi 10 lazima uwe na lami ya mita 300, mara tatu ya ukumbi wa kulia. Mji unaojengwa kwa kipimo hicho hutawanyika. Duka huwa mbali na duka, mwendo wa miguu huwa adhabu, watu hununua magari zaidi, na afisa akija kuhesabu huyakuta magari mengi na kuandika kwamba kanuni ilikuwa ya kweli.

Mji wa Oakland, California, ulitoa ushahidi mapema. Mwaka 1961 uliamuru nafasi 1 kwa kila nyumba mpya ya ghorofani. Uchunguzi wa mwaka 1964 ulilinganisha majengo ya kabla na ya baada, na ukakuta gharama ya kujenga kila nyumba imepanda kwa asilimia 18, na idadi ya nyumba katika kila ekari imeshuka kwa asilimia 30. Matokeo hayo yalichapishwa, na miji mingine ikaendelea kunakili.

Los Angeles matokeo yalikuwa mazito zaidi. Viwanja vilikuwa vidogo na magari lazima yaingie, kwa hiyo katika miaka ya 1950 na 1960 wajenzi walizoea kuliinua jengo la wapangaji juu ya nguzo nyembamba na kuyaweka magari chini, upande wa barabarani. Nyumba ikawa inasimama kama mtu aliyepandisha kanzu avuke maji. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 ardhi ilitetemeka huko Northridge. Katika jengo moja la ghorofa tatu, ambalo sehemu ya chini ilikuwa ya maegesho, ghorofa za juu ziliishukia ile ya chini, na watu 16 wakafa humo. Ilichukua mpaka mwaka 2015 Los Angeles kuwalazimisha kisheria wenye majengo ya namna hiyo kuyaimarisha, nayo yalikuwa maelfu. Sitasema kwamba jedwali la maegesho liliwaua watu wale; tetemeko liliwaua, na udhaifu wa nguzo. Lakini mtu anayeuliza kwa nini pale chini palikuwa na uwazi mahali pa kuta atajikuta amerudi kwenye jedwali.

Limebaki lile jambo dogo ambalo kwangu ndilo lenye uchungu, nalo ni kijia cha gari: ule mkono wa lami unaotoka barabarani, ukaikata njia ya waendao kwa miguu, ukaingia mpaka mlangoni. Kwa nje kinaonekana ni haki ya mwenye nyumba tu. Lakini mahali kilipokatwa ukingo wa barabara hapawezi tena kusimama gari la mtu mwingine, hivyo nafasi moja iliyokuwa ya umma imegeuzwa kuwa ya mtu mmoja, wala haikuuzwa. Na kila kijia kinamsimamisha anayetembea, kwa kuwa sasa yeye ndiye anayevuka njia ya gari. Wamarekani walikuwa na baraza yao, kile kibaraza cha mbao mbele ya nyumba chenye kiti cha kubembea. Viwanja vya vitongoji vilipoanza kupimwa kwa ajili ya gari, banda la gari lilisogea mbele, mlango wa watu ukarudi nyuma, na uso wa nyumba ukawa ni lango pana lisilo na macho. Watu wa Portland, Oregon, waliziita nyumba hizo kwa jina la dhihaka la pua ya mnyama, kwa jinsi banda lilivyochomoza mbele, na mwaka 1999 mji huo ukatunga kanuni ya kulizuia banda la gari lisiutawale uso wa nyumba. Nimependa kwamba walitumia sheria kuulinda mlango. Waliotunga walitaka jirani aweze kuona kama mwenzake yupo.

Sisi tulisimama wapi? Ng'ambo ya Unguja, baada ya mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yalisimama majumba marefu ya Michenzani, kando ya barabara mbili pana zinazokatana. Zilikuwa pana kuliko magari yaliyokuwapo kisiwani wakati huo. Wakaazi walipata maji, umeme na paa imara, na si haki kuwadharau waliotoa hayo. Ila baraza haikupanda ghorofani. Mpango wa kuhifadhi Mji Mkongwe wa mwaka 1994, uliosimamiwa na msanifu Francesco Siravo, ulilazimika kulishughulikia suala la magari na mahali pa kuyasimamisha, kwa sababu yalikuwa yameanza kuing'ang'ania kila pembe yenye uwazi. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Nje ya mitaa hiyo iliyolindwa, majedwali ya nafasi za maegesho yamo katika kanuni za mipango miji za Kenya na za Tanzania Bara, na ukiyasoma unaisikia sauti ya mnakili.

Mfasiri hukutana na neno bure katika jina la kitabu cha Shoup na kusita. Kwa Kiingereza neno lile lina harufu ya uhuru. Kwa Kiswahili bure ni kisicho na bei, na pia ni kisicho na faida: kazi bure, maneno bure, mtu bure. Maegesho ya bure, basi, kwetu yanaweza kusomwa kwa namna mbili, na Shoup mwenyewe, aliyefariki Februari 2025, nadhani angeichagua ya pili.

Alikufa akiwa ameona miswada ikianza kusahihishwa. London iliacha masharti ya kima cha chini mwaka 2004, ikaweka kima cha juu mahali pake. Buffalo, katika jimbo la New York, iliyafuta masharti yake yote mwaka 2017, na katika miaka miwili ya mwanzo asilimia 47 ya majengo makubwa yaliyojengwa yalikuwa na nafasi chache kuliko sheria ya zamani ingevyotaka. Minneapolis ilifuata mwaka 2021. Mwaka 2022 jimbo zima la California liliikataza miji yake kulazimisha maegesho katika majengo mengi yaliyo karibu na vituo vikubwa vya usafiri wa umma. Kufuta sheria hakung'oi lami, na viwanja vile vingi vingalipo, vinang'aa jua la mchana. Columbus, Ohio, uliokuwa wa kwanza kuandika, haukuwa wa kwanza kufuta. Ulingoja mpaka Julai 2024, miaka 101, ndipo baraza lake la mji lilipoiondoa kanuni, nalo liliiondoa kando ya barabara kuu tu.